Ndege Juu ya Mkanda Uendao Nyuma

Ndugu msomaji, chukulia kwamba ndege imewekwa juu ya mkanda mpana, mrefu kama njia nzima ya kurukia, mfano wa ile mashine ya mazoezi ambayo mtu hukimbia juu yake jasho likimtoka na asifike popote. Rubani anawasha injini na ndege inataka kwenda mbele. Kadiri ndege inavyoongeza mwendo kwenda mbele, mkanda nao huongeza mwendo uleule kwenda nyuma. Je, ndege hiyo itapaa, au itabaki palepale magurudumu yakizunguka bure?

Mniwie radhi kwa kutanguliza swali kabla ya salamu. Nimetaka kila mmoja nyumbani atoe jawabu lake kabla hajaendelea kusoma: baba aseme lake, mama aseme lake, na watoto waachwe waseme lao bila kukatizwa. Assalamu alaykum.

Mas'ala haya sikuletewa msikitini. Niliyakuta Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, mji ulio kiasi cha kilomita 30 kusini mwa Nairobi katika barabara ya Namanga. Zipo familia zetu za pwani zilizohamia huko kwa ajili ya kazi, na siku hizi kuwazuru si taabu: mtu hupanda reli Mombasa, akashuka Athi River, na kutoka hapo Kitengela si mbali. Dada yangu anaishi huko na mumewe, ambaye ni dereva wa trela kati ya Mombasa na Namanga. Binti yao, mpwa wangu, yuko Kidato cha Tatu. Mbingu za Kajiado hazikosi ndege ndogo za mafunzo, zile zitokazo uwanja wa Wilson na zile za uwanja mdogo wa Orly uliomo humohumo katika kaunti, na binti huyu amekua akizitazama zikizunguka juu ya nyanda zile, zikishuka kugusa ardhi na kupanda tena. Amewaambia wazazi wake kwamba anataka kusomea urubani.

Baba yake hakumkatalia wala hakumkubalia. Ada ya masomo hayo ni nzito, na mtu wa mshahara ana haki ya kufikiri mara mbili. Kwa hiyo swali la mkanda lilipozuka usiku mmoja baada ya Isha, halikuwa tena swali la mkanda peke yake. Binti alisema ndege itapaa. Shemeji akasema haitapaa, na akaongeza neno ambalo halikunipendeza, kwamba mtu asiyejua kazi ya gurudumu asitarajie kukabidhiwa ndege. Binti akainamisha kichwa, akasema, "Samahani, Baba," akanyamaza. Mgeni mmoja kijana akapendekeza watu waweke pesa, atakayeshinda achukue. Hilo nililizima papo hapo, kwani kamari haiwi halali kwa kuvishwa kanzu ya elimu. Kisha wote wakanigeukia mimi niamue.

Kwanza nimtendee haki shemeji yangu, kwa kuwa si mtu wa kubisha ovyo. Yeyote aliyeishi Kitengela wakati wa masika anaujua ule udongo mweusi wa huko. Ukiwa mkavu hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na ukilowa huwa kama uji wa ulezi. Lori likiingia humo, dereva hukanyaga mafuta, injini ikanguruma, magurudumu yakazunguka kwa kasi ya kutisha na matope yakaruka hadi madirishani, na lori lisisogee shubiri moja. Mtu aliyelala njiani usiku mzima kwa sababu hiyo ana ushahidi wake mwilini. Magurudumu yanazunguka, chombo kimesimama. Akaona mkanda nao ni hivyohivyo: ardhi inakimbia nyuma, gurudumu linazunguka, ndege imesimama. Na ndege iliyosimama haipai.

Katika madrasa tulifunzwa kwamba kabla ya kutoa hukumu hakiki mahali pa mzozo. Watu wengi hubishana masiku, kumbe hawabishani juu ya kitu kimoja. Nikawauliza wote wawili: je, ndege ikisimama kabisa katika hewa tulivu, yaweza kupaa? Shemeji akasema haiwezi. Binti naye akasema haiwezi, kwa kuwa ni hewa ipitayo juu na chini ya mabawa ndiyo inayoiinua, na hewa isipopita hakuna kinachoiinua. Basi hapo hapana mzozo. Wale wasemao kwa sauti kuu kwamba mabawa yasipopata hewa ndege haipai wanasema kweli, ila hawajajibu kilichoulizwa. Mzozo uko mahali pamoja tu: mkanda unaokimbia chini ya magurudumu unaweza kuizuia ndege isiende mbele?

Shemeji alikuwa amefanya kiyasi, na kiyasi kina nguzo zake: kuna asili, kuna tawi, kuna hukumu, na kuna ile sababu inayoifunga hukumu, ambayo wanachuoni huiita illa. Asili yake ni lori. Tawi lake ni ndege. Hukumu ni kusimama palepale. Tutafute illa. Kwa nini lori husimama juu ya mkanda? Kwa sababu nguvu ya injini yake hupita katika magurudumu. Injini huyashika magurudumu, magurudumu hushika ardhi na kuisukuma nyuma, na kwa kuisukuma ardhi nyuma lori hupata kwenda mbele. Ardhi ikikimbia nyuma kwa mwendo uleule, juhudi yote imeliwa. Mtu anayekimbia juu ya mashine ya mazoezi ni vivyo hivyo, kwani miguu yake ndiyo injini na miguu hiyo haina pengine pa kushika.

Sasa itazame ndege. Injini yake haikuunganishwa na magurudumu hata kidogo. Rafadha iliyo mbele, kama rafadha ya mashua iliyo majini, huikamata hewa na kuitupa nyuma, na kwa kuitupa hewa nyuma ndege husukumwa mbele. Injini ya jeti hufanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Magurudumu ni mtumwa huru, hayaendeshwi na kitu na hayamwendeshi yeyote. Huzunguka kwa sababu chombo kinakwenda, wala chombo hakiendi kwa sababu yanazunguka. Ile illa iliyolisimamisha lori haimo katika ndege. Hiki ndicho wanachuoni walichokiita kiyasi penye tofauti, na hukumu yake haivuki kutoka asili kwenda tawi.

Nilipoona bado kuna kiwingu nikawapigia mfano wa mkokoteni, maana hakuna mtu wa Mombasa asiyeujua. Uweke mkokoteni juu ya mkanda uendao nyuma, lakini hamali asimame nje ya mkanda, juu ya sakafu isiyosogea, na kamba aishike mkononi. Mkanda ukianza kwenda, magurudumu ya mkokoteni yatazunguka. Hamali akitembea mbele, mkokoteni utamfuata, na magurudumu yatazunguka kwa kasi zaidi, basi. Hamali hatasikia uzito mkubwa kuliko aliouzoea, kwa sababu miguu yake haimo juu ya mkanda. Ndege ndiyo mkokoteni ule, na hewa ndiyo sakafu anayokanyaga hamali.

Na kama ni kutafuta mtangulizi, wetu yupo. Abbas ibn Firnas wa Cordoba, katika karne ya 9, anasimuliwa na mwanahistoria al-Maqqari kwamba alijivika mabawa akaruka, akakaa hewani kitambo, kisha akaumia wakati wa kutua. Lawama walizompa ni kwamba hakujiwekea mkia. Hakuna aliyemlaumu kwa kukosa magurudumu.

Maneno yakafika mwisho wake usiku ule, na shemeji akasema maneno ni maneno. Ni kweli. Binti akaomba ruhusa ya kujaribu. Jirani mmoja ana mashine ya mazoezi aliyoinunua kwa hima kubwa, na ambayo tangu mwezi wa pili wake huanikiwa nguo. Asubuhi tukaziondoa nguo kwa idhini ya mwenyewe. Binti akalijaza mchele na unga sanduku la safari lenye magurudumu manne hadi likawa kilo 20, akalisimamisha juu ya mkanda wa mashine, akalifunga kamba, na kamba akaitia katika ile mizani ya kuning'iniza ambayo sisi hupimia mizigo ya Umra tusije tukatozwa ziada. Mizani akampa baba yake aishike, akiwa amesimama mbele ya mashine, sakafuni.

Mkanda ukawashwa kwa mwendo wa mtu atembeaye, kilomita 4 kwa saa. Sanduku likatikisika kidogo, magurudumu yakazunguka, nalo likabaki mahali pake limezuiliwa na kamba. Mizani haikufika hata kilo moja. Binti akaongeza mwendo hadi kilomita 8 kwa saa. Kelele za magurudumu zikazidi maradufu, mizani haikubadilika kwa kiasi cha kutajika. Akasema, "Baba, hebu livute mbele." Shemeji akalivuta kwa vidole viwili, na sanduku likaja mbele, dhidi ya mkanda, bila shida.

Hapo pana jambo linalostahili kutazamwa vizuri. Msuguano wa gurudumu linalobingirika hutokana hasa na uzito lililobeba na hali ya njia linayopita, na kasi huuongeza kwa kiasi kidogo tu. Ndiyo maana mkanda ukikimbia mara mbili, kamba haivutwi mara mbili. Udongo mweusi ni kisa kingine kabisa. Tope hulikumbatia gurudumu na kuliongezea uzito wa kuvutwa, na rubani yeyote wa nyanda zile atakwambia kwamba tope linaweza kweli kuinyima ndege kupaa. Hata breki ikisahauliwa yaweza. Mkanda hauna nguvu hiyo.

Shemeji aliiweka mizani chini, akazunguka nyuma ya mashine, akainama kuyatazama yale magurudumu. Kisha akasema, "Basi hayana kazi."

"Yana kazi, Baba," binti akamjibu kwa upole. "Yamebeba."

Tuyageuze hayo kuwa hesabu ya ndege yenyewe. Ndege ya mafunzo iliyoenea kuliko nyingine ni Cessna 172, yenye viti vinne. Ikijaa huwa na uzito wa zaidi kidogo ya kilo 1,100. Juu ya lami nzuri, nguvu inayotakiwa kuibingirisha ni kama mbili katika mia ya uzito wake, yaani mithili ya kuinua mzigo wa kilo 20 na ushei, mzigo ambao mwanamume mzima hubeba begani akiutoa sokoni. Msukumo wa rafadha yake inapoanza kukimbia ni mkubwa kuliko huo mara nyingi. Ndege hiyo huinua pua ikifikia mwendo wa kama kilomita 100 kwa saa. Juu ya mkanda wetu itafika mwendo huo huku mkanda ukienda nyuma kilomita 100 kwa saa, na magurudumu yatadhani yanakwenda 200. Yatapata moto zaidi na kulalamika zaidi. Ndege itapaa, baada ya kukimbia masafa yaliyozidi kwa kiasi kidogo yale ya kawaida.

Jambo hili limejaribiwa kwa ndege ya kweli. Mwaka 2008 watengenezaji wa kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho MythBusters walitandaza turubai refu sana chini, wakaiweka ndege nyepesi juu yake, na turubai likavutwa na gari kuelekea upande mwingine kwa mwendo uliolingana na wa ndege. Ndege ikapaa. La kushangaza ni kwamba rubani mwenyewe aliyekuwa ndani alikuwa ametarajia kubaki palepale. Nililisimulia hilo mbele ya shemeji makusudi, apate kujua kwamba yuko pamoja na watu wa fani.

Pwani yetu pia imewahi kuona ndege zikipaa kutoka juu ya kitu kinachotembea. Mwaka 1937 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilikuwa likitumia ndege za majini katika safari zake za Afrika. Zilitua Khartoum juu ya mto Nile, zikatua Kisumu ziwani, kisha Mombasa na Dar es Salaam baharini. Mto hutiririka, na bahari ina maji kujaa na maji kupwa. Maji yanashika tumbo la ndege kuliko lami inavyoshika gurudumu, kwa hiyo mkondo huhisiwa zaidi pale, na kuling'oa tumbo hilo majini ilikuwa kazi nzito ya injini nne. Hata hivyo mkondo ni wa polepole ukilinganishwa na mwendo wa kupaa, na ndege zile ziliondoka.

Nisimalize sehemu hii bila kutaja kwamba wapo wanaoliuliza swali kwa namna nyingine. Wao husema mkanda usilingane na mwendo wa ndege, ulingane na mwendo wa magurudumu yenyewe, hata gurudumu lisipate kusogea mbele kamwe. Hilo ni sharti linalojivunja lenyewe. Ndege ikisogea mbele kidogo tu, gurudumu tayari limezunguka kuliko mkanda. Mkanda ukiongeza kasi kulifikia, gurudumu nalo huongezewa na mkanda huohuo, na mbio hizo hazina kikomo hadi kitu kipasuke. Anayeweka sharti kwamba ndege isisogee, kisha akauliza kama itapaa, amekwisha jijibu ndani ya swali. Mwanafunzi akikutana na swali la namna hiyo katika mtihani na alivunje kabla ya kulijibu.

Watoto wa nyumba ile, waliokuwa wametuzunguka, wakaleta la kwao: kama dunia inazunguka, kwa nini ndege isipae Kajiado, ikatulia hewani, ikangoja Mombasa ipite chini yake? Nilifurahi. Huko karibu na ikweta ardhi hukimbia kuelekea mashariki kwa kama kilomita 1,670 kwa saa, mkanda mkubwa kuliko wote. Lakini dunia haikimbii peke yake, imeichukua hewa yake pamoja nayo, na ndege haijui ila hewa. Mombasa isingekuja hata hivyo, kwa kuwa iko mashariki ya Kajiado na ardhi inakwenda hukohuko mashariki, ingezidi kuwakimbia.

Shemeji alikuwa kimya muda wote huo. Alipofungua kinywa aliuliza swali ambalo kwangu mimi lilipita yote ya siku ile: "Na upepo je?"

Hapo ndipo mas'ala haya yanapoacha kuwa mchezo. Ukitaka kuisumbua ndege, usihangaike na mkanda wa chini. Isogeze hewa. Upepo ndio mkanda wa kweli. Upepo ukiijia ndege usoni kwa kilomita 30 kwa saa, mabawa yamekwisha pata kilomita 30 kabla gurudumu halijazunguka mara moja, na zimebaki 70. Ukiijia mgongoni kwa kasi hiyohiyo, ndege lazima ikimbie ardhini kilomita 130 ili mabawa yapate 100. Kitabu cha maelekezo cha Cessna 172 kimeliandika hilo bila kupamba: kwa kila noti 9 za upepo wa mbele punguza urefu wa mbio kwa asilimia 10, na kwa kila noti 2 za upepo wa nyuma ongeza asilimia 10. Noti ni kile kipimo cha mabaharia, moja ikiwa kama kilomita 1.85 kwa saa. Tazama ilivyo adhabu: noti 10 tu za upepo wa nyuma, upepo wa kupeperusha leso kambani, na njia inayotakiwa imezidi kwa nusu nzima. Katika kiwanja kifupi chenye miti mwishoni, nusu hiyo ndiyo uhai wa waliomo.

Ndege ndogo zinazolala nje hufungwa kamba ardhini kwa sababu hiyohiyo. Upepo ukivuma kwa nguvu ya kutosha, mabawa huamka ingawa magurudumu yamelala.

Binti akaongeza jambo ambalo mimi sikulitarajia kwa umri wake. Kipimo cha mwendo katika trela, alisema, husoma mzunguko unaopelekwa kwenye magurudumu. Liweke trela juu ya mkanda na kipimo kitaandika 80 hali limesimama. Kipimo cha ndege hakina habari na magurudumu. Kimeunganishwa na mrija mdogo ulioelekezwa mbele, unaopokea hewa inayokuja, na hewa hiyo ndiyo inayoisukuma mishale ya kipimo. Ndege iliyosimama juu ya mkanda ungeisoma sifuri. Rubani anayekiamini kipimo hicho yuko salama kuliko anayeliamini jicho, kwa sababu upepo ukiwa nyuma ardhi hupita chini kwa kasi kubwa, jicho likadhani mwendo unatosha na mkono ukapunguza injini, wakati mabawa yanakaribia kukosa hewa ya kuyashikilia. Marubani wamekufa kwa kosa hilo.

Baba yake alimtazama kwa muda. Hakumwambia kitu wakati ule. Ada bado haijapatikana ninapoandika, lakini dada ananiambia kwamba siku hizi akiwa safarini, akishapiga simu kuuliza hali za nyumbani, humwomba simu apewe binti, na wanazungumza juu ya pepo za njiani: upepo wa Emali ulikuwaje, wa Mtito Andei ulitokea wapi, na ndege ingeelekea wapi kupaa.

Kajiado ina mtihani mwingine ambao sisi wa pwani hatuujui, nao ni mwinuko. Kitengela iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,500, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko yetu kwa takriban sehemu moja katika saba. Jua la mchana likiipasha huwa nyepesi zaidi. Bawa katika hewa nyepesi lazima lipite kwa kasi zaidi ili lipate uzito uleule wa hewa, na rafadha nayo hushika kidogo, na injini hupumua kidogo. Yote matatu humjia rubani kwa pamoja, saa nane mchana, juu ya njia fupi. Ndiyo maana wanafunzi wa urubani hupenda asubuhi. Hii pia ni moja ya sababu zinazofanya njia ya kurukia ya uwanja wa Jomo Kenyatta, ulio mita 1,624 juu ya bahari, iwe na urefu wa mita 4,117, na ya uwanja wa Moi wa Mombasa, ulio mita 61 tu, iwe mita 3,350.

Na njia hiyo ya Mombasa haikulazwa ovyo. Imeelekezwa kati ya kaskazini-mashariki na kusini-magharibi, karibu na zilipo pepo zetu mbili kuu. Manahodha wa majahazi waliingoja kaskazi ije nyuma yao iwasukume kutoka Arabuni, wakaingoja kusi iwarudishe. Rubani huzitaka pepo zilezile usoni. Ukipita Changamwe mwezi wa Januari kaskazi ikivuma, simama kidogo na watoto utazame ndege kubwa zinapaa kuelekea wapi, kisha uwapeleke tena Julai kusi ikishika.